Pole ya Mkwe Wangu

Mama mkwe hakai bega kwa bega na mkwe wake. Kwetu, milimani juu ya Uvira, mwanaume akikutana njiani na mama aliyemzaa mke wake, anajitosa kwenye majani mpaka mama apite. Hapo hakuna chuki, ni heshima. Sasa wewe niambie, mtu atajitosa kwenye majani gani akiwa ndani ya gari dogo, mwendo wa saa nane, mwezi wa pili, nje baridi ya kukata masikio?

Nilikaa nyuma ya kiti chake, nisiuone uso wake naye asiuone wangu. Mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi, alikaa pembeni yangu na koti lake la manjano. Kiti cha mbele kilibaki wazi. Kilikuwa kiti cha binti yangu. Tulikiwekea kapu la chakula tukalifunga mkanda: sombe ya majani ya mihogo, wali, kuku wa kukaanga, chupa ya chai. Kila kona sufuria ya sombe iligonga kidogo, nikawa nageuka kama mtu aliyeitwa.

"Bibi, umebeba chakula cha harusi," mjukuu akasema.

"Nimebeba chakula cha watu. Huko juu watatupa viazi na samaki mbichi."

"Kuna pizza pia."

"Pizza ni mkate uliomwagikiwa."

Akacheka. Kicheko chake ni cha mama yake, kinaanzia puani.

Kwetu Kongo bibi ni mke. Mwanaume anasema bibi yangu amepika bugali, na hakuna anayeshangaa. Tulipokimbilia Tanzania na kukaa kambini Kigoma miaka tisa ndipo tulipojifunza kwamba bibi ni mama wa mama. Tukalibeba neno hilo mpaka Stockholm pamoja na mablanketi. Kwa hiyo mtoto ananiita Bibi, na mimi namwita mwenzangu, maana bibi na mjukuu wake wa kike ni wake wenza, wanamgombania mzee mmoja, hata kama mzee mwenyewe alizikwa zamani. Akikasirika ananiambia, "Mzee ananipenda mimi zaidi." Namjibu, "Mwache, hana meno."

Tulitoka Bredäng, mtaa wetu wa Stockholm, saa kumi na mbili asubuhi, bado giza. Ilikuwa ile wiki ya baridi ambayo shule za Stockholm zinafungwa na watu wote wanakimbilia milimani, mbao za kutelezea zimefungwa juu ya gari, utadhani wanahama na vitanda. Mkwe wangu alisema tunakwenda kwao, kwenye mji wa watalii ulio chini ya mlima mkubwa, tukamwone mama yake, mtoto akacheze theluji. Mimi nilikuwa sijawahi kufika. Miaka yote binti yangu alikuwa akiniita na mimi nasema mwakani, mwakani, miguu inauma. Sasa aliyeniita hayupo, ndipo nimekwenda.

Mkwe wangu ni mtu wa huko kaskazini. Mrefu, mwekundu shingoni, mpole mpaka unataka kumtikisa. Watu wa kwao wana namna yao ya kusema ndiyo. Hawafungui mdomo wakasema ndiyo kama binadamu. Wanavuta hewa ndani kwa ghafla, fyup, kama mtu aliyetia uji wa moto mdomoni. Siku ya kwanza alipokuja kuposa nilimwuliza kama atamtunza binti yangu, akanivutia hewa. Nikamwambia binti yangu, "Kijana wako ana pumu." Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Binti yangu alikufa miaka miwili kabla ya safari hii, kwa saratani ya titi, ana miaka thelathini na mitatu. Nimeandika hivyo kwa mstari mmoja kwa sababu miwili siiwezi.

Siku ya msiba nyumba yangu ilijaa. Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, na mama mmoja Mganda kutoka Farsta aliyekuja na sufuria ya ndizi kubwa kama ngoma. Kila aliyeingia alimwendea mkwe wangu, akampa mkono, akasema: Pole. Pole sana. Pole, shemeji. Yeye Kiswahili chake ni cha mezani tu, maji, chumvi, asante, karibu, mama. Akainama akamwuliza mtoto, wakati huo wa miaka minane, pole maana yake nini. Mtoto akafikiri. Shuleni ukimkanyaga mwenzako mguu unasema förlåt, yaani nisamehe. Nyumbani yeye akijikwaa, mimi namwambia pole. Akaona ni kitu kimoja. Akamwambia baba yake, ni förlåt.

Basi mwanaume yule akaamini kwamba Waafrika wote wa Stockholm wamekuja kumwomba msamaha. Akawa anamjibu kila mmoja kwa Kiswidi, machozi yanamshuka kwenye ndevu: Si kosa lako. Si kosa lenu.

Mama wa Farsta akanigeukia. "Dada, mkwe wako anasema nini?"

"Anasema si kosa letu."

"Na nani kasema ni letu?"

Mbele ya Mungu nilitaka kucheka. Kwenye msiba wa mtoto wangu nilitaka kucheka, kisha nikatafuta mtu wa kumsahihisha, na yule ambaye angemsahihisha alikuwa ndani ya sanduku. Nikasema nitamwambia siku nyingine. Siku hiyo sikuileta. Na sababu ninayo. Binti yangu aliponionyesha ule uvimbe mara ya kwanza, jikoni, kanga ameishika kwa meno, mimi ndiye niliyemwambia ni tezi tu, aukande kwa maji ya moto. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayejua. Akaukanda miezi mitatu. Kwa hiyo mkwe wangu aliponifikia mimi pia, nikamwambia pole kama wengine, naye akanijibu, si kosa lako, mama, sikumsahihisha. Nililichukua neno lile nikaondoka nalo.

Hakunikumbatia. Waswidi wanakumbatia hata fundi wa bomba, lakini binti yangu alimfundisha: mama yangu hashikwi na mkwe, utamwaibisha. Akasimama mbele yangu analia, mikono imening'inia kama mikono ya koti. Nami nikasimama nalia. Kati yetu palikuwa na hatua moja na hakuna aliyeipiga.

Tulipopita Uppsala mbingu ikawa ya kijivu. Mkwe wangu akazima redio. Akaanza kusema na mtoto kwa Kiswidi, polepole, kwa kirefu, akimtazama kwenye kioo. Kiswidi changu ni cha ndoo na basi. Nimefagia ngazi za watu miaka kumi na tano, kwa hiyo ninajua ngazi, ufunguo, kesho, baridi, samahani ninapita. Barua na mambo ya ofisini yalikuwa ya binti yangu, na alipoondoka kazi hiyo ikamwangukia mtoto. Nilisikia mormor mara tatu. Mormor ni mimi, mama wa mama. Mtoto alikuwa anatazama dirishani, anachora mduara kwenye mvuke wa kioo.

"Baba yako anasemaje?"

"Anasema..." Akaufuta mduara. "Anasema huko milimani ni mbali na kuna barafu barabarani. Anauliza kama unaogopa."

"Mimi? Mwambie nimezaliwa mlimani. Mwambie nimeshuka mteremko wa Ngomo juu ya lori la mihogo, mvua inanyesha, dereva amelewa, mama yako nimemfunga mgongoni ana wiki tatu. Mwambie aende tu, mimi sina neno."

Mtoto akamgeuzia baba yake kwa Kiswidi. Yalitoka maneno matano au sita. Nikajiuliza, lori limekwenda wapi? Na ile mvua?

Kwenye kioo niliyaona macho ya mkwe wangu yamelowa, nikatazama pembeni haraka. Akasema, "Tack, mama. Tack." Asante, mama, asante.

Huyu naye, nikasema moyoni. Ananishukuru kwa kutoogopa barafu?

Tukaenda. Bahari ilikuwa upande wa kulia, imeganda pembezoni kama mafuta kwenye mchuzi uliopoa. Tulikula kuku kwenye kituo cha mafuta, tumesimama, yeye upande wake wa gari na mimi upande wangu. Baada ya Sundsvall barabara iliiacha bahari ikageukia kwenye misitu, na mkwe wangu akasema tena jambo na mtoto, safari hii kwa kifupi.

"Baba anauliza kama una hakika."

"Hakika ya nini?"

"Ya... ya barafu."

"Mwambie akiniuliza mara ya tatu nitaendesha mimi."

Mtoto alicheka, halafu kicheko kikakatika katikati kama uzi. Akalaza kichwa begani kwangu akafumba macho. Nilidhani amelala. Nilimfunika kitenge changu, nikaimba kidogo, wimbo wa kwaya, ule ambao mama yake alikuwa akiusahau ubeti wa pili.

Milima ilianza alasiri. Sitasema mengi juu ya uzuri wake, wenye macho wameiona kwenye kadi za posta. Nitasema tu kwamba niliikuta nikiwa nimejiandaa kuidharau, nikashindwa. Ilikuwa imekaa kimya, mmoja nyuma ya mwingine, kama wazee kwenye baraza, na juu ya mabega yao ukungu uleule. Uleule kabisa. Nilikuwa sijauona ukungu wa aina ile tangu nilipotoka kwetu nikikimbia. Pua yangu ikatafuta moshi wa kuni.

Mahali pamoja wanyama wenye pembe kama matawi makavu walikuwa wamesimama katikati ya barabara, wanalamba chumvi. Mkwe wangu hakupiga honi. Alizima gari akasubiri, mikono juu ya usukani. Na hapo akaanza kupiga mluzi, taratibu. Miaka miwili nilikuwa sijamsikia mtu yule akipiga mluzi. Mtoto alifumbua macho akanitazama mimi, si wanyama.

Mjini watalii walijaa. Viatu vyao vya kutelezea ni vizito na vigumu, kwa hiyo wanatembea madukani kama watoto wenye nepi iliyojaa. Nilimwambia mwenzangu hivyo, akasema, "Bibi, shh!" nikamwambia, "Nani atanielewa hapa?" Nikatazama huku na huku. Kweli, hakuna. Kule kwetu Bredäng siwezi kumsema mtu ndani ya treni, daima kuna Mkenya amekaa nyuma anasikiliza. Hapa ningeweza kuwatukana wote kwa sauti ya sala. Jambo hilo lilinichekesha mara moja tu.

Nyumba ya mama yake mkwe wangu iko nje kidogo ya mji, ya mbao, nyekundu. Mwenyewe ni mzee wa umri wangu, mrefu, mkono wake mgumu kama gunzi. Mtoto anamwita farmor, mama wa baba. Alitukaribisha na kahawa ambayo ndani yake ametumbukiza vipande vya jibini. Nilikunywa. Mtu aliyekula dagaa wa kambini hawezi kushindwa na jibini. Yeye naye alikula sombe yangu, akaongeza. Nikampenda hapohapo.

Kisha akanishika mkono, mimi peke yangu, akanipandisha ngazi. Alikuwa anatabasamu kama mtu mwenye zawadi.

Akafungua mlango. Kilikuwa chumba kidogo chenye kitanda na pazia za manjano. Juu ya kitanda kimetandikwa kitenge cha binti yangu, kile cha ndege wa bluu, na ukutani picha yake kubwa, anacheka. Ilikuwa picha yangu. Nilikuwa nimeitafuta nyumbani tangu Krismasi, nimepekua mpaka chini ya jiko. Kumbe mkwe wangu aliichukua ili aikuze. Kulikuwa na meza, na juu ya meza mfuko wa shule, mpya.

Yule mzee akanivuta dirishani, akanionyesha jengo upande wa pili wa mto. "Skola," akasema. "Augusti." Shule. Mwezi wa nane. Hayo hata mtu wa ndoo anayajua. Akagusa mto wa kulalia pale kitandani, akaniambia kitu ambacho ndani yake nilisikia ataishi hapa. Halafu akanibana mkono kwa mikono yake yote miwili. "Tack, mormor."

Asante ya pili. Ndipo nikaelewa na ile ya kwanza ilikuwa ya nini.

Sikulia. Nilimwambia pazia ni nzuri. Nikashuka ngazi moja moja, nimeshika ubao wa pembeni, nikamkuta mwenzangu mlangoni anavua viatu vya theluji. Nikakaa kwenye benchi karibu naye. Baba yake na farmor walikuwa jikoni wanatuona, kwa hiyo tuliongea kwa sauti ya watu wanaoombana chumvi.

"Mwenzangu. Kule kwenye gari baba yako alisema nini?"

Akavuta kamba ya kiatu. "Alisema nikuambie kwamba tunataka kuhamia hapa."

"Na nini tena?"

"Alisema neno ni la kwako. Bibi akikataa, tutabaki Stockholm. Alisema nikuambie hivyo hivyo."

"Na wewe ukamwambia mimi nimesema nini?"

"Kwamba ni sawa. Kwamba umesema twende tu."

"Si ndivyo nilivyosema? Nilisema aende tu." Nilitaka kumrahisishia. Haikusaidia, aliinama zaidi juu ya kiatu. "Kwa nini, mama?"

"Ungelia. Au ungekataa."

Mwanaume mzima, nikawaza, anamtwika mtoto jiwe kama hili alipeleke kwa mtu mzima mwenzake. Hasira ilinijaa mpaka masikioni. Lakini hasira ilipotafuta pa kwenda haikupaona. Angeniambiaje mwenyewe? Kwa maji na chumvi?

"Wewe mwenyewe unataka kuja huku?"

Akaanza kufungua kiatu cha pili.

"Sema. Mzee hasikii."

"Kule nyumbani kila kitu ni Mama," akasema. "Ngazi ni Mama. Lifti. Duka la mikate. Na Baba hapigi mluzi." Akasema kwa Kiswidi kitu ambacho sikukipata, akarudi kwenye Kiswahili. "Hapa anapiga. Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Lakini na wewe nakutaka. Vyote viwili."

Nikampangusa pua kwa ncha ya kitenge. Nikamwambia akamwombe farmor kahawa nyingine, ile yenye jibini, maana nimeanza kuizoea. Alicheka puani huku analia.

Kesho yake mtoto alipelekwa kwenye mafunzo ya kuteleza pamoja na watoto wengine, na mkwe wangu akaniomba kwa mikono nipande naye mlimani. Kuna vibanda vidogo vya vioo vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, vinapanda mpaka juu. Tuliingia wawili. Hakuna mkalimani, hakuna kiti cha mbele wala cha nyuma. Magoti yetu yalikuwa yanatazamana, na chini yetu hewa tupu. Kama kuna mahali Mungu alipanga kuwachekesha malaika na mama mkwe, ni pale.

Nilitazama nje. Nilikuwa nimeamka na kukataa kwangu tayari, kumeiva. Nitasema hapana. Ni haki yangu, amesema mwenyewe. Mtoto yule nilimwogesha siku ya kwanza alipotoka hospitali. Meno yake ya kwanza yaling'ata kidole changu. Ninampeleka kwaya, ninamfundisha kuhesabu bila kuchanganya, na akisema Kiswahili mbele ya Watanzania wa Rågsved wananiuliza ni nani aliyemfundisha, najibu, mimi, mtu wa darasa la nne. Akija kukaa huku, atamwambia nani jambo kwa Kiswahili? Wale wanyama wa barabarani?

Mkwe wangu alikuwa amegeuzia uso kwenye kioo. Alikuwa anapiga mluzi bila kujijua. Alikuwa anaitazama milima namna ninavyojua mimi, namna ambayo binti yangu alizoea kunikuta nayo nikiwa dirishani Bredäng natazama maghorofa. "Mama unatazama nini?" Sitazami kitu. Mtu wa mlimani akikaa bondeni anatazama tu juu, anatafuta pale palipokuwa na mwisho wa dunia. Mimi kwetu siwezi kurudi, kuna bunduki. Kwao hakuna bunduki. Kilichokuwa kinamzuia ni mimi.

Na mara ya mwisho nilipotoa neno kama mtu anayejua, nilisema maji ya moto.

Juu kulikuwa na upepo na weupe mpaka macho yanauma. Tulisimama, kati yetu hatua moja ileile. Akanyoosha kidole chini, kwenye nyumba nyekundu, akasema kuna chumba na cha mama pia. Rum, mama. Alikionyesha kwa mikono, mlango hapa, dirisha hapa. Alikuwa amekifikiria kweli, mpaka dirisha.

Nikatikisa kichwa. Nikamwambia kwa Kiswidi changu cha ndoo: Mtoto wangu, kule. Nikaonyesha kusini. Theluji juu yake. Mimi, fagia. Kila Jumamosi ninakwenda makaburini na ufagio wangu mdogo, napangusa jiwe lake, maana alikuwa hapendi baridi. Nikihamia huku nani atamfagilia? Alinielewa. Aliushika uso wake.

Kisha nikaonyesha chini, kwenye mteremko wa watoto, ambako nukta moja ya manjano ilikuwa inaanguka, inainuka, inaanguka. Yeye, nikasema. Yeye hapa. Nikataka kusema ja, ndiyo, nikakuta sauti imekwama. Basi nikafanya kama wanavyofanya wao. Nikavuta hewa ndani, fyup. Baridi iliingia mpaka kifuani ikachoma. Ndiyo yao haihitaji sauti, na siku ile ni hiyo tu niliyoiweza.

Sikumwambia kwamba mtoto alinigeuzia maneno. Mpaka leo hajui. Mwenzangu ni mwenzangu.

Tulirudi Stockholm Jumapili. Njia nzima mtoto alinishika kidole kimoja, hiki cha shahada, alichokuwa akikishika akiwa mchanga. Kapu lilikuwa tupu na bado tulilifunga mkanda.

Bredäng mkwe wangu alinibebea sufuria mpaka ghorofani. Mtoto alibaki garini. Mlangoni aliiweka chini, akarudi nyuma hatua moja, heshima yake ileile aliyofundishwa, akaficha mikono mgongoni. Midomo yake ilifanya kazi kidogo. Akasema:

"Pole, mama. Pole sana."

Nikasimama na ufunguo wangu. Ilikuwa pole ipi? Kama alikuwa ananipa pole yetu, pole ya mtu aliyefiwa mtoto na sasa anapokonywa mjukuu, jibu lake ni asante. Kama ilikuwa ile yake aliyofundishwa na mtoto msibani, basi alikuwa anasema nisamehe, na jibu lake ni nimekusamehe. Alisubiri. Jicho lake lilikuwa jekundu. Na mimi, bado kidogo niseme ukweli wote, niseme mwanangu, pole si hiyo, kaa nikueleze, na nikishamaliza kueleza, unihukumu mimi kuhusu maji ya moto.

"Asante," nikasema.

Akavuta hewa ndani. Akashuka kwa ngazi, lifti aliiacha.

Mwezi wa nane walihama. Nilimfungia mwenzangu ndagala, dagaa wa kwetu, kwenye mfuko, nikamfungia na kitenge kingine. Mwanzoni alinipigia kila Jumapili baada ya ibada, tunaonana usoni kwenye simu, ananisimulia kwa Kiswahili mpaka chaji inaisha. Kisha Kiswidi kikaanza kukila Kiswahili chake, kwanza majina ya vitu, halafu vitenzi, halafu utani. Nikimwambia mzee ananipenda mimi, anabaki anatafuta ule utani ulikuwaje. Sasa ananiita mormor, kwa sababu huko ndivyo watu wanavyosema, na hana kosa.

Jumapili iliyopita alinionyesha mkono wake umefungwa bandeji. Alikuwa ameanguka mlimani. Ni kuteguka tu, hakuvunjika. Uso wake umerefuka, una rangi ya jua la kwenye theluji.

"Pole, mwenzangu," nikamwambia. "Pole sana, mama."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mzee. Akanijibu kwa Kiswidi, polepole ili nielewe.

"Si kosa lako, mormor."

Sikumsahihisha. Niliisogeza simu sikioni, nikamwambia mtandao ni mbaya, sikusikia vizuri, arudie.

Akarudia.